Mwaka wa Beseni Tupu

Siku tuliyomzika Atosha, shemeji yake mmoja alisimama mbele ya watu, akakohoa, akasema marehemu alikuwa mwanamke mwenye mwili. Alilisema neno hilo kama anataja cheo. "Tulipokea muke mwenye mwili, na leo tunamuzika na mwili wake," akasema, na wazee waliokaa kwenye viti vya mbele wakaitikia kwamba ni kweli, ni kweli. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzangu, karibu na mlango wa jikoni, na nilisikia damu inanipanda mpaka masikioni. Mwili gani? Mwili ule ulikuwa umebaki na mguu mmoja. Mguu wa pili ulichukuliwa na sukari, macho yakafuata, na miaka yake ya mwisho Atosha alikuwa anatambua watu kwa sauti zao na kwa harufu ya chakula walichopika. Lakini pale matangani mji mzima wa Kasongo ulikuwa unamsifu kwa kitu kile kile kilichomuua, na mbele yetu palikuwa na sinia za wali wa mafuta na nyama ya mbuzi, na mashangazi walikuwa wanamjazia sahani Mauwa, binti yake, ambaye tayari alikuwa anahema kwa kukaa tu. "Kula, mama," walimwambia. "Usikonde. Watu watasema nini?"

Mimi ni mtu mzima sasa, na kila asubuhi natembea kutoka nyumbani kwangu mpaka darajani na kurudi. Siku hizi si ajabu. Vijana wananipita wakikimbia kwa kikundi, na filimbi yao, na kaptula zao, na hakuna anayewauliza wanakwenda wapi. Wakati mwingine mmoja wao anapunguza mwendo na kuniuliza, "Mama Feza, nguvu unaitosha wapi, unaipata wapi?" Anangoja nimtajie asali na tangawizi, au dawa fulani ya kunywa asubuhi kabla ya chai, kama zile zinazotangazwa kwenye simu. Nampa jibu la kweli: hasira. Nia huisha. Hofu ya kufa nayo huisha, mtu akishaizoea. Hata ile furaha ya kuona nguo imelegea kiunoni haidumu, kwa sababu baada ya muda unaiona nguo ni ya kawaida tu. Hasira yangu haijaisha tangu mwaka ule, na asubuhi ya mvua ninapotaka kujifunika shuka tena, yenyewe ndiyo inayonivuta mguu nishuke kitandani.

Mwaka ule nilikuwa kijana mwenye watoto wadogo, na mume wangu alikuwa anafundisha shule Kabambare, akirudi wakati wa likizo tu. Nyumba yangu na ya Atosha zilitenganishwa na ua wa matete ambao haukuzuia kitu, si moshi, si kuku, wala maneno. Alinizidi umri kidogo, kwa hiyo nilimwita yaya, yaani ndugu mkubwa. Alikuwa ameletwa kutoka Wamaza kuolewa na Ramazani, mwenye duka la chumvi na vikwembe, yaani vitenge, na walikuwa na watoto wawili wa kiume. Chumba chake nakiona mpaka leo: kitanda kirefu cha mbao nyekundu, sanduku la bati, na kioo kidogo kilichotosha uso tu, ambacho mwenyewe alikisifu kuwa ni kioo chenye adabu. Mwanzo wa mwaka alikuwa amempoteza mtoto siku ya kujifungua, na yeye mwenyewe tulimpata kwa bahati, baada ya kutetemeka mwili mzima na kupoteza fahamu. Alipopata nguvu, muuguzi wa kituo cha afya alimwita, nami nikamsindikiza. Muuguzi hakuzunguka. "Mama, tansiyo yako, hiyo presha ya damu, iko juu sana, na sukari inaanza. Ukibeba mimba ingine na huu muzigo, tutazika watu wawili. Upunguze mafuta, upunguze bugali, na utembee kila siku, kutembea kwa kweli, mupaka utoke jasho." Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na mapaja yangu yanayogombana. "Na wewe usicheke. Unamufuata nyuma."

Mizani ya watu wazima pale kituoni ilikuwa imevunjika, ikabaki ya watoto, ile ya kuning'iniza kama nyama. Muuguzi akatuambia twende kwenye depo la mpunga tupande mizani ya magunia, kisha tumletee kilo zetu. Sijui alifikiri nini. Ulikuwa msimu wa mavuno, wakulima wamejipanga na magunia yao mpaka barabarani, na karani wa depo alikuwa mtu wa utani asiyejua kunong'ona. Atosha alivua ndala, akapanda kati ya magunia, akashika kikwembe chake kifuani. Karani alisukuma chuma cha mizani, akasukuma tena, akapiga kelele, "Huyu mama anapita gunia! Gunia imeshindwa!" Watu walipiga makofi. Ndiyo, makofi! Mzee mmoja alimwombea baraka mwanamume aliyemlisha vile. Kabla hatujafika nyumbani habari ilikuwa imetangulia, na Ramazani alikuwa amesimama barazani kwa duka lake, meno yote nje, akipokea pongezi kama aliyepata mtoto. Jina la Mama Gunia lilianza siku hiyo. Atosha alicheka pamoja nao, maana angefanya nini, lakini alipoingia chumbani kwake alikaa kwenye sanduku la bati na kuniambia polepole, "Feza, wanapigia makofi kaburi yangu."

Ramazani hakuwa mtu mbaya, na jambo hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya angekuwa rahisi kumchukia. Alimpenda mke wake. Lakini katika mji huu mwili wa mke ulikuwa kibao cha duka la mume: ukinenepa, biashara inakwenda na nyumba ina amani, ukipungua, kuna njaa, au kuna fimbo, au kuna ule ugonjwa wa kukondesha ambao miaka hiyo watu waliutaja kwa kuinua kidole tu. Hakuna aliyeuliza mwenye mwili anausikiaje kwa ndani. Hakuna aliyeuliza kwa nini analala ameegemea mito, au kwa nini akitoka kisimani anakaa kwanza kwenye jiwe kabla ya kuweza kusema. Na msinidanganye kwamba mambo yamebadilika. Sokoni leo wasichana wananunua vidonge vya kunenepesha mashavu, na hatua chache mbele dada zao wananunua majani ya kukondesha, na anayewauzia wote ni mtu yule yule.

Asubuhi ya kwanza ya kutembea tulitoka mikono mitupu. Kosa letu lilikuwa hilo. Katika Kasongo ya wakati ule, mwanamke aliyekuwa njiani alikuwa na kitu kichwani au begani: jembe, kuni, ndoo, beseni, mtoto. Wanawake wawili wanaokwenda haraka bila mzigo walikuwa wanakwenda kwenye kifo au kwa mwanamume. "Kilio iko wapi?" walituuliza akina mama wa nyumba ya kwanza. Hakuna kilio. "Munaenda kutwaa nini?" Hatuendi kuchukua kitu. "Sasa munaenda wapi?" Tunakwenda darajani. "Kuna nini kwa daraja?" Hakuna kitu, tukifika tunarudi. Wakatutazama kwa huruma. Baada ya siku chache mji ulikuwa na maelezo yake: wengine walisema kuna wanaume wa machimbo ya Lusangi wanaotuletea dhahabu kwa siri pale darajani, wengine walisema wanaume wapo lakini dhahabu haipo. Mama mkwe wa Atosha alianza kukohoa kila tulipofungua mlango wa ua. Ndipo yaya wangu akatafuta dawa. Alichukua beseni lake la bati lililopakwa rangi ya kung'aa, jeupe lenye maua ya bluu, akalifunika kikwembe safi, akaliweka kichwani bila kitu ndani, na mimi nikachukua la kwangu. Maswali yalikwisha siku hiyo hiyo. Mwanamke mwenye beseni ana ruhusa ya kwenda popote, hata kama beseni limebeba upepo.

Basi tukatembea. Lakini watu wa hapa hawawezi kuona beseni lililofunikwa wakakaa kimya, kwa hiyo wakaamua kwamba tunauza mandazi. Mama mmoja alitungojea njiani na sahani yake. "Munipatie ya watoto." Atosha, bila kusita, akajibu, "Imekwisha, mama." "Mapema hii?" "Imekwisha yote." Kesho yake walikuwa wengi na sahani zao, na siku iliyofuata walikasirika. Walisema tunawauzia wakubwa tu, tunaringa. Mmoja alimfuata Ramazani mpaka dukani kumshtaki kwamba mke wake anabagua watu kwa mandazi, mandazi ambayo hakuna binadamu aliyekuwa ameyaonja, na bado yalikuwa yanasifiwa kwa utamu! Tulicheka mpaka tukakaa chini kando ya barabara, mabeseni yamepinduka. Nakumbuka jinsi Atosha alivyokuwa anacheka bila kushika kifua, akivuta pumzi mpaka chini.

Watu wanadhani kazi kubwa ni kuanza. Kuanza kuna sherehe yake; kazi ni ile asubuhi isiyo na jina, ukiwa umekwisha kuzoea na hujaona faida. Mimi nilitaka kuiacha mapema sana. Atosha ndiye aliyekuwa na mbinu. Kwanza, alilala amekwisha kufunga kikwembe cha njiani, na ndala zimepangwa mlangoni zinatazama nje. "Usiulize miguu," alikuwa akiniambia. "Miguu iko wavivu, itakujibu hapana." Pili, na hii ndiyo iliyonikamata, alikuwa ananisimulia hadithi ya bibi yake wa Nyangwe, muuza samaki, na alikuwa anaisimulia njiani tu. Tulipokaribia nyumbani, hadithi ilikuwa imefika mahali pazuri, na pale pale kwenye mlango wa ua wangu alikuwa anafunga mdomo. "Halafu?" "Kesho." "Yaya, halafu ikawa nini?" "Kesho, mudogo wangu." Nilikuwa namtukana. Kisha kesho yake, kabla jogoo hajamaliza kelele zake, nilikuwa nimesimama nje na beseni, nataka kujua yule bibi alimfanya nini mwenye mtumbwi.

Kwenye chakula ndipo vita ilipokuwa kali. Wanawake wa nyumba ile walikula pamoja kwenye sinia moja ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, Atosha, mama mkwe wake na mawifi, na kwenye sinia moja mkono unaopunguza mwendo unaonekana na wote. Nilikuwa nasikia kupitia ua. "Mbona umenawa?" "Nimeshiba, mama." "Umeshiba na nini? Sombe yetu haina chumvi?" "Iko na chumvi." "Ao unasema tunaweka dawa ndani?" Alichota tonge dogo kuwaridhisha, akalitafuna kwa muda mrefu ili liwe na umri wa matonge mengi. Na siku za harusi, siku za Idi, siku za mgeni, kila mtu aliyempenda alimpenda kwa kijiko cha mafuta ya mawese. Kukataa upendo wa namna hiyo kila siku, kwa adabu, bila kumuudhi mkubwa, kunachosha kuliko kilima chochote. Lakini mwili ulisikia. Pumzi ilirudi. Akaanza kutoka kisimani moja kwa moja, bila kukaa kwenye jiwe. Muuguzi alimfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupima, akapima tena kwa sababu hakuamini, akamwambia, "Tansiyo inashuka, mama. Endelea vile vile." Siku hiyo Atosha alitembea kwenda nyumbani mbele yangu, karibu anakimbia, na mimi ndiye niliyeomba anisubiri.

Halafu mtu wa Wamaza alikuja sokoni, akamwona, akarudi kwao kusema kwamba Atosha amebaki mifupa. Kaka zake walikuja na baiskeli, wamejaa vumbi, wakiongozwa na Yuma, mkubwa wao, na nyuma yao shangazi yao mmoja aliyekaa kimya kama askari. Walikaribishwa barazani, nami nikakaa upande wangu wa ua na bakuli la mchele nisilolichambua. Yuma alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kutisha. "Shemeji, hatukukuja na vita. Tulikupa mutoto wetu akiwa mutu muzima. Leo tunaona shingo yake iko na mishipa. Kama kuna njaa hapa, useme tu. Sisi tuko na mihogo." Ramazani aliapa kwa kila kitu. "Ni yeye mwenyewe anakataa kula! Anatembea-tembea asubuhi na yule jirani." "Anatembea juu ya nini, kwa sababu gani? Iko na shamba kule?" Ndipo nikasikia sauti ya Atosha. "Yaya Yuma, ni miye mwenyewe. Muganga wa kituo cha afya ndiye alisema. Tansiyo yangu iko inashuka, nasikia muzuri kuliko zamani." Na Yuma, Mungu amsamehe maana mimi bado, akamjibu kama anambembeleza mtoto mwenye homa, "Nyamaza, mama. Tunajua wanakufundisha kusema vile."

Niliingia. Sikubisha hodi, nilipita kwenye ua wenyewe, na matete yakavunjika. Niliwaeleza yote, mtoto aliyekufa, kutetemeka, maneno ya muuguzi, watu wawili kaburini. Nilisema twendeni sasa hivi kituo cha afya mumuulize mwenyewe. Yuma alinisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa kwa heshima. "Asante, mama. Wewe uko nani kwa hii ukoo?" Nikasema mimi ni jirani. "Basi," akasema, "jirani." Nikabaki nimesimama kama kiti kilichosahauliwa. Mwanamke alikuwa amesema kuhusu mwili wake mwenyewe akaambiwa anyamaze, na aliyemtetea akaulizwa ukoo. Wanaume waliokuwa wanaupima ule mwili kwa macho, mmoja kwa aibu yake na mwingine kwa heshima ya kwao, hawakuwa wamewahi kuusikia ukihema usiku hata mmoja wao, isipokuwa mume, na mume alikuwa ameinamisha uso.

Mama mkwe alileta chakula, bugali, kuku na sombe inayong'aa kwa mafuta. Mawifi wakaleta maji ya kunawa. Yuma hakunyoosha mikono. Wakwe waliokataa kula kwako wamekumaliza, hata kama hawajasema neno. Mji mzima utajua kabla vyombo havijaoshwa. "Tutakula nyuma ya dada yetu," akasema. "Tukiona ameshiba, na sisi tutashiba." Wakamkalisha Atosha chini, katikati ya baraza, na sinia nzima mbele yake, wageni wamemzunguka, majirani wamejaa kwenye ua niliouvunja mimi mwenyewe. Ramazani alipiga magoti. Alikuwa analia kweli. "Kula, mama," alimwomba. "Nakuomba, kula, usiniue mbele ya watu." Atosha akanawa, akala. Alikuwa ananitazama mimi tonge kwa tonge, na kila alipopumzika Yuma alisukuma sinia karibu kidogo. Alipomaliza upande wa bugali wakamgeuzia upande wa kuku. Hakulia, na mafuta yalikuwa yanamshuka kwenye kifundo cha mkono. Kisha wakapiga makofi, wakaletewa chakula chao, wakala vizuri sana.

Shangazi alibaki. Walimwingiza Atosha ndani kama mwanamke aliyejifungua, wakati mtoto hakuwepo: asitoke, asibebe kitu, apakwe mafuta, alishwe uji wa karanga asubuhi na ndizi za mafuta mchana. Mlango ulilindwa na shangazi, aliyekuwa akisuka mkeka bila kuinua macho. Nilipotoka kutembea, nilikuwa nagonga beseni langu kwa kidole nikipita chini ya dirisha lake, na yeye kutoka ndani alikuwa anagonga ukuta. Siku moja alisogeza mdomo kwenye mwanya wa dirisha. "Uko unaenda?" Ndiyo, yaya. "Mupaka kwa daraja?" Mpaka darajani. "Usiache." Hatukupata nafasi ya maneno mengine, maana mkeka wa shangazi mlangoni ulikuwa umenyamaza.

Alipotolewa nje ilikuwa sherehe. Kaka zake walirudi, na Ramazani, ili kufuta aibu yake mbele ya mji, alimpeleka mke wake kwenye depo la mpunga, amemvika kikwembe kipya, watu nyuma. Nilikuwepo. Nilimwona akivua ndala, akipanda tena kati ya magunia, na karani akisukuma chuma chake. "Gunia imeshindwa tena! Mama Gunia amerudi!" Yuma alimkumbatia shemeji yake. Kulikuwa na vigelegele. Atosha alishuka polepole, akakaa kwenye gunia la karibu kuvuta pumzi, na hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Nilirudi nyumbani, nikalitupa beseni langu nyuma ya choo, na kesho yake nilitembea mpaka darajani mikono mitupu. Walisema nimepata wazimu, na nikawaacha waseme. Mume wangu aliporudi kutoka Kabambare walimwendea na habari zote. Alinitazama, akasema, "Umepunguka," akaomba chai. Kwa neno hilo moja nilimsamehe mengi.

Mauwa alizaliwa mwisho wa mwaka uliofuata, na muuguzi alikuwa amesema kweli, tulikaribia kuzika watu wawili. Walipona wote, na tumbo la Atosha halikubeba tena. Hakutembea tena pia. Mwaka baada ya mwaka nilimwambia, na mwaka baada ya mwaka alinijibu kwamba amechoka kupigana na sinia. Na mimi, kwa ubishi, nikawa namdai hadithi. Ilikuwa imekatika mahali pabaya kabisa. Bibi wa Nyangwe amemtoroka mume wake, amepanda mtumbwi, yuko katikati ya Lualaba, anaona mkeka uliotandikwa ndani ya mtumbwi unatikisika. Anaufunua. Chini yake amelala mama mkwe wake, macho wazi. Na mama mkwe anafungua mdomo, anamwambia... Hapo ndipo tulipofika mlangoni siku ile, na kesho yake kaka zake walikuja. "Yaya, alimwambia nini?" nilimuuliza miaka yote, harusini, kilioni, tukichambua mchele. Alicheka. "Ile hadisi iko ya barabara. Haisemwi kwa kukaa. Siku tutatembea tena, nitakumalizia." Kisha mguu ukakatwa, na sikuthubutu kuuliza tena.

Kwa hiyo pale matangani, shemeji yule aliposema habari ya mwili, nilisimama. Nilisema kwa sauti kwamba mwili huo mnaousifu ndio uliomuua, na kwamba aliwaambia mwenyewe, akiwa kijana, kwenye baraza hii hii, na mkamwambia anyamaze. Nilisema alikuwa amepona. Nilirudia, alikuwa amepona, na mkamrudisha kwenye ugonjwa kwa makofi. Ramazani, ambaye sasa ni mzee wa fimbo, alifunika uso kwa kofia. Wengine walisema, "Mama Feza, muheshimu matanga," na sinia zikaendelea kupita. Nilichukua sahani iliyokuwa magotini kwa Mauwa, nikaiweka chini, nikaenda zangu.

Kabla mwezi haujaisha, asubuhi moja nilifungua mlango nikamkuta Mauwa amesimama nje. Muuguzi wa siku hizi amempa maneno yale yale aliyopewa mama yake. Kichwani alikuwa na beseni jeupe lenye maua ya bluu, rangi imebanduka kandokando, limefunikwa kikwembe. "Mama mudogo," akasema, "mama aliniambia hivi ndivyo wanaendaka." Nilimshushia lile beseni kutoka kichwani, nikaliacha kizingitini. Nikamwambia kwamba siku hizi tunakwenda mikono mitupu, na atakayeuliza ajibiwe na mimi. Tulikwenda polepole, alikuwa anasimama kila mahali. Karibu na daraja, akiwa ameegemea mti, akaniambia, "Iko hadisi moja ya bibi wa Nyangwe. Mama aliniachia yote, mupaka mwisho. Lakini alikataza nikuambie kama tumekaa."

Nilimshika mkono, tukaendelea kutembea. Mauwa akaanza kutoka mwanzo, muuza samaki, mume, mtumbwi, na nilimwacha asimulie yote ninayoyajua, maana alikuwa na sauti ile ile na alikuwa anasahau kuchoka. Tulipanda barabara ya nyumbani. Mtumbwi ulifika katikati ya Lualaba. Mkeka ukatikisika. Akaufunua. Tulikuwa tumefika mlangoni kwangu, na Mauwa, jasho linamtiririka, akakanyaga kizingiti, akachukua beseni la mama yake.

"Halafu?" nikamuuliza. "Mama mkwe akamwambia nini?"

"Kesho, mama mudogo."

Nilimtukana. Nilimtukana yeye, nikamtukana na mama yake aliye kaburini, kwa sauti iliyowafanya majirani wafungue madirisha. Kisha nikaingia ndani, nikazipanga ndala zangu mlangoni zitazame nje.